Nilimpeleka mama Paraa kupanda boti ya Nile, nikasahau kumuuliza kitu kimoja

Mama yangu amepita daraja la Pakwach, lile linalovuka Nile kaskazini magharibi mwa Uganda, mara ambazo hata yeye hawezi kuhesabu. Baba alikuwa mwanajeshi, sisi tumekulia kambini, ndo maana Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu hadi leo, na kila Desemba tulikuwa tunapanda basi la usiku kwenda kwao mama, upande wa Alur. Basi likifika darajani anatuamsha, amkeni, mto huo, na sisi tunachungulia tunaona giza na tochi za askari basi. Miaka yote hiyo hajawahi kukaa kwenye ule mto mchana akautazama. Alipofikisha miaka 65 nikasema hapana, huyu mtu nampeleka kwenye maporomoko ya Murchison, apande boti, aone maji yanatokea wapi.

Naandika haya kwa sababu tuliyaona tuliyoenda kuona, lakini kuna pesa niliipoteza bure na kuna saa mbili nilimtesa mama yangu mwenyewe bila kukusudia, na yote ilikuwa inaepukika kama ningejua mambo machache. Mwenye mzazi mtu mzima au mtoto mdogo na anafikiria kwenda asome hadi mwisho.

Kosa la kwanza nililifanya nikiwa bado Kampala. Nilitafuta mahali pa kulala kwanza, nikalipia, alafu ndo nikaanza kutafuta boti. Ifanye kinyume chake. Boti za kwenda chini ya maporomoko zinaondoka Paraa, gati ya ndani ya mbuga, asubuhi na nyingine mchana kama saa 8, na wikendi au sikukuu zinajaa. Ukishajua umepata boti ya siku gani na saa ngapi, ndo upange utalala wapi na utoke nyumbani saa ngapi. Mimi nilijikuta nina vyumba vya Jumamosi na sina boti ya Jumamosi, ikabidi nitafute mtu wa haraka. Nikapata namba mtandaoni, kijana anaongea vizuri, anasema boti ni yetu, tuma nusu tukuwekee viti vinne. Nikatuma shilingi 200,000 kwa simu. Sikuuliza jina la boti wala sikuomba risiti, na sikuwaza kupiga simu Paraa kwenyewe kuuliza kama huyu mtu wanamjua. Tulipofika gatini hakuna aliyekuwa anamjua, na simu yake hadi leo haishiki. Kwa hiyo kama unatuma kianzio, omba risiti yenye jina la boti, tarehe na saa, alafu piga namba tofauti na ile uliyopewa na huyo huyo dalali ili kuthibitisha. Ni dakika 10 tu.

Tulikuwa wanne: mama, mimi, mdogo wangu ambaye ndo dereva, na kijana wangu wa miaka 9. Gari tulikodi, 150,000 kwa siku, ndogo ya kawaida. Tukatoka Kampala saa 10 alfajiri kupitia Bombo na Luweero, Luweero wauza mananasi walikuwa bado hawajapanga meza zao, tukaenda hadi Kafu tukakata kushoto kuelekea Masindi. Ukiwa na watoto na una siku ya ziada, kabla ya Kafu kuna hifadhi ya vifaru ya Ziwa kule Nakasongola. Vifaru wa porini Uganda walikwisha kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawa wamerudishwa na wanazaliana pale. Sisi hatukuwa na muda, na kijana alinung'unika hadi Masindi.

Masindi jaza tanki. Nunua maji, chapati, ndizi, mayai ya kuchemsha, kila kitu, kwa sababu mbele huko chakula ni cha hotelini na bei yake ni ya hotelini. Kuanzia Masindi hadi Paraa ni kama kilomita 85 na lami ni nzuri sana, imejengwa kwa ajili ya mafuta yanayochimbwa huko Bunyoro, zamani watu walikuwa wanafika wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Ila lami hiyo inadanganya. Ndani ya mbuga mwendo ni 40 kwa saa na kuna matuta, na nyani wanakaa katikati ya barabara kama wameipangisha, kwa hiyo usipige hesabu ya kilomita 85 kama uko barabara ya Entebbe.

Getini ndo tulichelewa. Tuliingilia geti la Kichumbanyobo, saa 3 na nusu asubuhi tulikuwa pale, nikatoa bahasha. Pesa ilikuwa mchango wa familia, nimeibeba taslimu tangu nyumbani. Yule dada wa dirishani akaniambia kwa upole kabisa kwamba hawapokei pesa mkononi, ni simu au kadi. Kwenye simu nilikuwa na elfu arobaini na kitu. Mtandao pale ulikuwa unakuja na kupotea, nampigia shemeji yangu Kampala anitumie, sauti inakatika, natembea na simu juu kama natafuta nyuki. Alafu likaja la pili: bei ya raia wa Afrika Mashariki inalipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya ile wageni wanayolipa kwa dola, lakini lazima uonyeshe kitambulisho. Mama alikuwa ameacha chake nyumbani, kwenye kabati, kwa sababu anaogopa kukipoteza. Nilihisi jasho la baridi. Kilichotuokoa ni kwamba mdogo wangu alikuwa na picha ya kitambulisho hicho kwenye simu, alikipiga siku alipokuwa anamsajilia laini. Walikubali, lakini usitegemee hilo. Kabla hamjawasha gari nyumbani kila mtu aonyeshe kitambulisho mkononi, na pesa iwe kwenye simu tangu jana yake.

Tulitoka getini saa 4 na dakika 40, na hiyo saa imeandikwa kwenye risiti, iangalie vizuri. Kiingilio ni cha masaa 24. Ukizidisha unalipa tena. Kumbe sisi tungelala Masindi, tukaingia kesho yake karibu saa 6 mchana tukaenda moja kwa moja kwenye boti ya saa 8, tungekuwa na asubuhi nzima inayofuata ya kuzunguka kutazama wanyama bila kukimbizana na saa. Mimi nilidhani kuwahi ni faida. Hapa kuwahi ni kujipunguzia.

Na nguo! Barabara inapita kwenye msitu wa Budongo, miti mirefu ya mahogani, kivuli kizuri, ukivuka unaingia kwenye vichaka na hapo mbung'o wanaanza. Mbung'o wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kijana wangu nilimvalisha fulana ya bluu, ya timu yake. Walimwacha kila mtu wakamwendea yeye. Mbung'o hang'ati kama mbu, anachoma kama sindano ya butu, mtoto alilia na tukafunga vioo, joto likawa la tanuri. Vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu.

Paraa ukiisikia kwenye matangazo unafikiri ni bandari kubwa. Ni gati ndogo. Kuna mteremko wa saruji unaoingia majini pale pantoni lilipokuwa linapakia magari zamani, boti za ghorofa mbili zimefungwa kwa kamba, miti kadhaa ya kivuli, na juu kidogo daraja jipya ambalo siku hizi magari yote yanapitia. Mto ni mpana, umetulia, rangi yake ni kama chai isiyo na maziwa mengi. Mama alishuka kwenye gari akasimama akausoma ubao wenye jina akasema, "Pa raa. Kwa kiboko." Kijana akauliza bibi umejuaje, akamwambia hiyo ni lugha yetu, Waacholi na Waalur tunasikilizana, raa ni kiboko, pa ni kwa, nyumbani kwake. Nilimwona amenyooka mgongo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui, nimelisema jina hilo wiki tatu nikipanga safari na sikuwahi kumuuliza.

Hapo ndo tukagundua habari ya dalali wa boti. Sitaki kuirudia, iliniuma. Tulibahatika boti nyingine ilikuwa na nafasi, nikalipa upya, kwa simu tena.

Kabla boti haijang'oa, mambo matatu niliyoyafanya sawa, nayasema kwa sababu ni muhimu. Niliomba jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto, maana lile alilopewa kijana kwanza lilikuwa la mtu mzima, linampita masikioni, angetumbukia lingebaki juu na yeye akateremka. Wanayo madogo, ila omba. Niliuliza kama boti ina choo, kwa sababu ni safari ya kama masaa 3 na mama ana dawa za presha zinazompeleka msalani, na siyo boti zote zinacho. Na nilimkalisha mama ghorofa ya chini, karibu na ukingo. Juu unaona mbali lakini ngazi ni za chuma na zimesimama wima, na chini unakuwa karibu na maji kiasi kwamba unasikia kiboko anavopumua. Boti ya mchana ukipanda juu kuelekea maporomoko jua liko mgongoni, ukirudi liko usoni, beba kofia.

Kutoka Paraa hadi chini ya maporomoko ni kama kilomita 17 kupandisha mto. Viboko ni wengi hadi unaacha kuhesabu, wanazama, wanaibuka, masikio yanatikisika kwanza kabla ya macho. Mamba wamelala kwenye mchanga midomo wazi, mtu wa boti akatueleza hiyo siyo hasira, ndivyo anavojipooza joto. Kuna ukuta wa udongo umetobolewa vitundu vitundu kama ungo, ni nyumba za keremkerem, ndege wadogo wenye koo jekundu, wanaingia na kutoka kama wametumwa dukani. Furukombe juu ya mti mkavu. Kuro, nyati, ngiri. Kijana alikuwa anangojea pundamilia, ikabidi nimwambie ukweli kwamba hapa hawapo, pundamilia wako Ziwa Mburo na Kidepo, kwa hiyo kama una mtoto usimwahidi mnyama kabla hujauliza.

Alafu tukakuta tembo, familia nzima, wamesimama majini hadi magotini wanakunywa. Boti ikazima injini. Mama akaanza kusimulia, polepole, na watu wa viti vya jirani wakageuka kumsikiliza ingawa wengine Kiswahili hawakijui vizuri. Habari ya Gipir na Labongo. Ndugu wawili. Tembo alivamia shamba, Gipir akashika mkuki ulio karibu, kumbe ni wa Labongo, akamchoma tembo, tembo akakimbia nao. Labongo akasema nataka mkuki wangu uleule, siyo mwingine. Gipir akatembea porini siku nyingi hadi kwa bibi kizee mmoja, akapewa mkuki na shanga pia. Siku moja mtoto wa Labongo akameza shanga moja ya Gipir, na Gipir naye akasema nataka shanga yangu ileile. Mtoto akapasuliwa. Baada ya hapo hawakuweza kukaa pamoja tena, wakaja ukingoni mwa mto huu huu, pale Pubungu karibu na Pakwach, wakakita shoka ardhini, Gipir akavuka kwenda magharibi ndo sisi Waalur, Labongo akabaki mashariki. Mama alipomaliza hakuna aliyesema neno, tembo mmoja akapiga masikio, boti ikawashwa.

Kadiri mnavokaribia maporomoko maji yanabadilika. Mapovu meupe yanaelea, mengine makubwa kama godoro, yanashuka na mto hadi Paraa na kupita. Kijana alitaka kunyoosha mkono alishike, mtu wa boti akamkaripia kwa sauti kubwa, mkono ndani! Alifanya vizuri. Mamba akija hamtamwona.

Boti haifiki kwenye maporomoko yenyewe, mkondo una nguvu mno, inaegemea jiwe lililo katikati ya mto na hapo mnapiga picha. Pale mto mzima wa Nile unapita kwenye mwanya wa miamba wa kama mita 7 tu, alafu unadondoka zaidi ya mita 40. Samuel Baker na mkewe Florence walifika hapa 1864 wakapaita Murchison, jina la mkubwa wa chama cha jiografia kule London. Mama hapaiti hivo. Yeye alisoma shule wakati wa Amin, vitabu vyao viliandika Maporomoko ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza hadi wakamkamata 1899 wakampeleka visiwa vya Shelisheli, na kwake yeye jina ni hilo hadi leo.

Sasa hapa ndo penyewe.

Karibu na maporomoko boti inagusa ukingo kwa wale wanaotaka kushuka na kupanda kwa miguu hadi juu, pamoja na askari wa mbuga. Watu wanasema ni dakika 45 hadi saa nzima. Nilikuwa nimesoma kwamba juu ndo pazuri kuliko chini. Askari akauliza nani anapanda, nikainua mkono nikasema sisi wanne. Mama aliniangalia, sikumwangalia. Askari akatusikia tunaongea Kiswahili akaniuliza, "Gari yenu ipo?" Nikamjibu ipo. Na kweli ilikuwepo, Paraa, imefungwa, na dereva wake alikuwa amesimama nyuma yangu. Alichomaanisha yule bwana ni kama gari inatungojea juu. Wanaopanda, dereva wao habaki kwenye boti, anazunguka kwa barabara anawasubiri kule juu, kwa sababu ukishashuka kwenye boti, boti inaondoka. Mimi sikujua. Mdogo wangu naye alitaka kuona mto, na nani angemnyima.

Njia ni nzuri kwa mtu mwenye miguu mizuri. Inapanda, mawe, ngazi za udongo, inapanda tena. Ilikuwa saa 10 jioni na joto limefungwa bondeni. Mama alikuwa amevaa kitenge na viatu vya wazi. Dakika 20 za kwanza hakusema kitu. Alafu nikasikia pumzi yake. Akaketi kwenye jiwe, akaweka kiganja juu ya goti la kushoto, na lile goti lilikuwa linatetemeka chini ya kiganja, naliona kabisa kupitia kitambaa. Wenzetu wameshatangulia. Boti tuliiona chini kupitia miti, ndogo, inarudi Paraa na viti vyetu vitupu. Askari akasema kwa kutia moyo, bado kidogo mama, mkifika juu ni kuingia kwenye gari tu. Mdogo wangu akaniuliza, gari gani?

Nililia pale. Siyo kwa ajili ya gari. Mama akanishika mkono akasema, "Sikukataa kuja, mwanangu. Ila ungeniuliza, ningekwambia haya magoti hayapandi. Ningebaki kwenye boti nikawasubiri, wala nisingeona nimekosa." Nikamwomba msamaha. Akasema haya, nyanyuka, jua linazama.

Tulipanda kwa hatua kumi kumi. Mdogo wangu mbele anamvuta, mimi nyuma, askari amebeba mkoba, kijana anahesabu hatua kwa sauti. Ilituchukua karibu saa 2. Yule askari hakutuacha hata dakika moja na wala hakutuharakisha, namshukuru sana.

Juu, ardhi inatetemeka. Unausikia mtetemo kwenye nyayo kabla hujaona maji. Mvuke unapanda unakulowesha uso, na jua likiwa chini linakata upinde wa mvua ndani yake. Pembeni kuna maporomoko mengine, ya Uhuru, yalifunguliwa na mafuriko makubwa ya 1962, mwaka ule ule wa uhuru, ndo jina lilipotoka. Mama alishika chuma cha uzio kwa mikono miwili akatazama ule mwanya. Alikaa kimya muda mrefu. Alafu akaniuliza, "Maji yote yale ya darajani yanapita hapa?" Nikamwambia yote, yanapita hapa, yanaingia Ziwa Albert, yanatoka yanakuja Pakwach. Akatikisa kichwa.

Maegesho ya juu yalikuwa na magari mawili tu. Saa 1 usiku hakuna kutembea na gari mbugani, na kutoka pale hadi Paraa ni karibu saa nzima. Mdogo wangu akaenda kuomba kwenye gari la familia moja ya watalii, dereva wao akataka 100,000 ya mafuta, tukakubaliana 80,000, kijana akanikalia mapajani. Wangeshakuwa wameondoka, sijui ningefanya nini. Kwa hiyo niliandike wazi kabisa: kama mnataka kupanda, dereva asipande boti, apeleke gari juu na mpatane saa. Kama dereva naye anataka boti, basi rudini wote na boti, na kesho yake nendeni juu kwa gari, barabara inafika karibu kabisa na maporomoko. Kwa wenye wazazi, njia ni hiyo ya gari. Mama angeona kilekile bila kupanda mlima.

Usiku nilimchua magoti na dawa ya kuchua niliyoinunua Kampala kwa bahati tu. Ngiri walikuwa wanachimba majani nje ya mlango, na walinzi walituonya tusitoke bila tochi na bila wao, kwa sababu viboko wanapanda kula nyasi gizani. Mkiambiwa hivo sikilizeni, kiboko nchi kavu ana mbio.

Hesabu yote ya siku tatu, gari, mafuta, kulala vyumba viwili 240,000, viingilio, boti na chakula, ilifika kama milioni 1 na laki 9. Ndani yake 280,000 ni makosa yangu, zile za dalali na za lifti.

Asubuhi tulivuka daraja la Paraa kwenda upande wa kaskazini. Twiga, wengi, wanatembea kwenye miti ya mivumo shingo zimepangana, na swala wa Uganda, yule wa kwenye nembo ya taifa. Simba hatukuwaona, na hatukuwa na muda wa kuwatafuta, tulikuwa tunaangalia saa. Tukatoka geti la Tangi saa 4 na dakika 25, dakika 15 kabla ya kulipishwa tena.

Kutoka Tangi hadi Pakwach ni karibu sana. Sikumuuliza mdogo wangu wala sikuamua mwenyewe, nilimgeukia mama nikamwambia, mama unataka tufanye nini sasa. Akasema tuvuke, alafu nishusheni kwenye maji. Tukavuka daraja mchana kweupe, bila kusimama, maana kuna askari na hapasimamwi, tukashuka upande wa pili hadi ukingoni wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Mama akavua viatu akaingia hadi vifundoni. Palikuwa na mwanamke anauza samaki wakavu, angara, wamepangwa kwenye beseni, mama akachagua mafungu manne, moja la dada yake, na wakati yule mwanamke anafunga akaanza kumwambia kwa Kialur maji haya yanapotoka, na viganja vyake vikasogeleana, vikasogeleana tena, akimwonyesha ule mwanya ulivo mwembamba.